Mzee katoka oparesheni ya kichwa, wiki nzima hajapata choo, tuache kumpa vidonge vya maumivu?

binti_wa_mzee

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo haraka manake hapa nyumbani tumegawanyika makundi matatu na mgonjwa yuko katikati.

Baba yangu ana miaka 61, wamemtoa uvimbe kichwani, ule unaoitwa meninjioma, uliota kwenye utando unaofunika ubongo, upande wa kulia kwa juu. Oparesheni ilienda vizuri, siku ya nne akaruhusiwa, leo ni siku ya sita. Anaongea vizuri, anatembea mwenyewe, utani wake umerudi, kwa hiyo upande wa kichwa hatujaona baya. Kilichotushinda ni tumbo. Kila siku nikimuuliza baba umepata choo ananijibu nimepata, ila anajibu huku anaangalia dirishani, na mimi ni binti yake sasa nitamhoji mpaka wapi? Jana usiku ndio mama kamsikia anaguna huko chooni, katoka jasho linamtiririka, kashika kichwa kwa mikono miwili anasema kinagonga. Kubanwa ndio akakubali kwamba tangu siku moja kabla ya oparesheni hajapata choo cha maana. Yaani wiki nzima.

Dawa alizorudi nazo ni vidonge vya maumivu vyenye kodeini na parasetamoli humohumo kwenye kidonge kimoja, viwili mara nne kwa siku, halafu deksamethasoni ya kuzuia ubongo usivimbe ambayo inapunguzwa kidogo kidogo, omeprazoli ya kulinda tumbo, levetirasetamu ya kuzuia degedege, na ondansetroni ya kichefuchefu ambayo siku za mwanzo ameinywa sana. Dawa ya choo hakuna. Nimepekua ule mfuko mara tatu.

Sasa leo asubuhi katokwa na majimaji, kidogo kidogo, mara tatu, mara ya mwisho kachafua nguo bila kujua na ameona aibu mpaka hataki kutoka chumbani. Kaka yangu anasema basi tumbo limefunguka, sasa anaharisha, ameshaenda kuchukua loperamidi. Mama anasema kodeini iachwe leo hii, apewe parasetamoli tu na tayari kamuongezea mbili asubuhi. Mimi nilitaka nimpe ule unga wa nyuzinyuzi wa kukoroga kwenye maji, mimi mwenyewe hunisaidia. Nani yuko sahihi kati yetu? Na huku kujikamua chooni kuna hatari gani kwa mtu aliyefunguliwa kichwa juzi?

nimepita_hapo

Pole sana dada, na mzee mpe pole zangu. Kabla ya yote mwambie kaka hiyo loperamidi aiweke kabati la juu kabisa asubiri watu wa afya waje waseme, mi yalinikuta nakaribia kufanya kosa hilohilo.

Mimi nilitolewa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, kile kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, walipitia puani. Kabla sijatoka wodini nilipewa orodha ya makatazo ndefu, usipenge kamasi, usinyonye kinywaji kwa mrija, usiiname, ukipiga chafya fungua mdomo wazi, usinyanyue kitu kizito. Nikawa natembea nyumbani kama nimebeba yai kichwani. Halafu siku ya tano niko chooni nimefunga pumzi najikamua kama nasukuma gari lililokwama kwenye matope! Hakuna aliyenikumbusha kwamba ile nayo ni presha ileile, yaani nilikatazwa chafya ya sekunde moja nikaachiwa dakika ishirini za kujikamua, labda waliniambia na mimi kichwa kilikuwa bado kwenye dawa ya usingizi, sijui. Ninachojua ni kwamba nilipopiga simu wodini nesi alinigombeza kidogo akasema dawa ya choo ilitakiwa ianze siku moja na dawa ya maumivu, sio baada ya wiki.

Halafu kuna jambo moja nataka ulishike. Kila mtu atakuambia mpe maji, maji, maji mengi. Mimi nilikunywa maji kama ngamia, na siku kama ya nane hivi kichwa kikawa kizito, natapika, naongea mambo hayaeleweki, kupimwa damu kumbe sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, imeshuka vibaya, ikabidi nipimiwe maji ya kunywa kwa kikombe kwa siku kadhaa. Waliniambia hiyo hutokea sana kwa sisi tuliofanyiwa kwenye pituitari ila hata oparesheni nyingine za ubongo zinaweza kuleta. Kwa hiyo uliza kwanza kama mzee amewekewa kiwango cha maji au la. Kama hajawekewa basi anywe kawaida, asikae mkavu, maana utumbo mkavu nao unakausha choo.

Na usimlaumu mzee kuficha. Mi mwenyewe mke wangu nilimdanganya siku nne.

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Dada, nasoma hapa niko mapumzikoni kwa hiyo nitaandika haraka haraka nisamehe makosa.

Hayo majimaji sio kuharisha. Mtu ambaye hajapata choo wiki nzima, yuko kwenye kodeini, halafu ghafla anavuja maji kidogo kidogo bila kujua, kitu cha kwanza cha kufikiria ni kwamba kuna choo kimekauka kimeziba chini kama kizibo cha chupa, na kile cha juu ambacho bado ni laini kinapita pembeni ya kizibo. Ukimpa dawa ya kufunga kuharisha hapo unafunga mlango na ufunguo unautupa. Mwambie kaka asante kwa kujali ila hapana.

Pili, leo hii piga simu kwa timu iliyomfanyia oparesheni, usisubiri kliniki. Waambie maneno haya haya, siku saba hajapata choo, yuko kwenye kodeini, anavuja maji, anajikamua mpaka kichwa kinagonga. Ukisema "ana shida ya tumbo" tu watakuambia mpe matunda. Pengine watataka aonwe apimwe kwa kidole wajue kama kizibo kiko pale chini, maana kama kipo, dawa ya kunywa peke yake itamsokota tumbo bure, huwa inaanza ya chini, kidonge cha gliserini cha kuweka kwa nyuma au enema ndogo, yaani dawa ya maji ya kuingiza kwa nyuma, ndipo za kunywa zifuate. Msimwekee enema wenyewe nyumbani bila kuambiwa. Kuna zile zenye fosfeti ambazo kwa mtu mzima mwenye figo dhaifu au aliyekauka maji zinaweza kumvuruga chumvi za mwili vibaya sana.

Kuhusu kujikamua. Mtu akijikaza anafunga pumzi, presha ya kifua inapanda, damu inayotoka kichwani kurudi kwenye moyo inakuta foleni njiani. Sasa fuvu ni sanduku la mfupa halitanuki, damu ikirundikana humo presha inapanda. Mtu mzima wa afya hashtuki, inapanda inashuka. Ila baba yako ule utando umeshonwa juzi tu, hatutaki majimaji ya ubongo yapate upenyo, hatutaki kidonda kivuje damu. Simaanishi kujikamua mara moja kutampasua kichwa, usiogope hivyo, tatizo ni kujikamua kila siku nusu saa.

Wakati mnasubiri, akihisi haja aende wakati huohuo asiahirishe, muda mzuri ni dakika ishirini thelathini baada ya kula asubuhi manake tumbo likipokea chakula utumbo mpana huwa unaamka wenyewe. Akae kwenye choo, miguu iwe juu ya kigoda kidogo ili magoti yapande juu kuliko nyonga, aegemee mbele kidogo viwiko vikiwa juu ya mapaja, mdomo wazi, apumue nje kama anapuliza mshumaa taratibu. Dakika kumi zikipita hakuna kitu atoke, asing'ang'anie. Na asikae peke yake amejifungia kwa komeo, mtu yeyote awe karibu, kizunguzungu chooni kimeangusha wagonjwa wengi kuliko ngazi.

Msisubiri simu mpeleke moja kwa moja kama tumbo limevimba limekuwa gumu, anatapika, hata gesi haitoki. Hiyo ni upande wa tumbo. Upande wa kichwa: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usingizi usio wa kawaida, degedege, mkono au mguu kulegea, homa na shingo kukaza, au maji maangavu yanatoka kwenye mshono au puani, au anasema kooni anasikia ladha ya chumvi.

Kuhusu aibu yake, jaribu hivi. Kuna chati ya picha inaitwa ya Bristol, ilitolewa mwaka 1997, inagawa choo kwa namba 1 mpaka 7. Moja ni vigololi vigumu, mbili ni kama soseji ya mabonge, tatu na nne ndio tunataka, tano ni vipande laini, sita ni rojorojo, saba ni maji. Bandika chati chooni na karatasi na kalamu. Hana haja ya kukuambia chochote wewe binti yake, aandike namba na saa. Wazee wangu wodini ambao hawataki kabisa kuongea habari za choo namba wanaandika bila shida.

Mjomba K

Mi naona mnazungusha sana. Kodeini ni dawa ya kulevya, iacheni, mpeni ibuprofeni au diklofenaki, hizo hazifungi choo, kesho mzee yuko sawa. Shemeji yangu alipovunjika mguu tulifanya hivyo.

mfamasia_mtaani

Mjomba K kwa heshima zote, mguu sio kichwa. Ibuprofeni na diklofenaki zinapunguza uwezo wa damu kuganda kwa jinsi zinavyoathiri chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na siku za mwanzo baada ya kufungua fuvu hicho ndicho wapasuaji wanachokikimbia. Halafu mzee yuko kwenye deksamethasoni. Ukichanganya hizo mbili unatafuta kidonda cha tumbo kinachovuja damu hata kama anameza omeprazoli. Kuna timu za upasuaji zinazitumia kwa mpango wao, lakini uamuzi ni wao, sio wa sisi tuliokaa na simu mkononi.

Dada, sasa nijibu makundi yako matatu.

Mama kwanza kwa sababu hili ni la leo. Kile kidonge cha maumivu tayari kina parasetamoli ndani. Soma kwenye boksi, kama kila kimoja kina miligramu 500 basi viwili mara nne ni gramu 4, na gramu 4 ndio mwisho wa siku kwa mtu mzima, kwa mwenye uzito mdogo au ini bovu ni chini ya hapo. Zile mbili mama alizoongeza zimempitisha. Mara moja hivyo sio mwisho wa dunia ila mtaje kwenye simu, na isirudiwe. Hii ndio ajali ninayoiona kila wiki kaunta, watu wanajumlisha bila kujua wanajumlisha. Ila mama ana hoja, kupunguza kodeini ni wazo zuri, tatizo ni kuikata leo na kumwacha mzee na maumivu, mtu mwenye maumivu anabana misuli, hatembei, hali, na choo kinazidi kugoma. Ubongo wenyewe hauumi mnajua? Hauna vipokezi vya maumivu. Kinachomuuma ni ngozi ya kichwa, misuli iliyokatwa na ule utando, na hivyo vinapona siku hadi siku, kwa hiyo watu wengi wiki ya pili parasetamoli yenyewe ikipewa kwa saa zake inaweza kutosha. Daktari anaweza kuibakiza kodeini usiku tu halafu akaitoa.

Kaka. Loperamidi ni ndugu wa damu wa kodeini. Hizi dawa za jamii ya mofini, yaani mofini yenyewe, kodeini, tramadoli, oksikodoni, fentanili, zinashika vipokezi vinavyoitwa mu, na vipokezi hivyo haviko kichwani na kwenye uti wa mgongo tu, vimejaa kwenye mishipa ya fahamu iliyomo kwenye ukuta wa utumbo. Dawa ikivishika, yale mawimbi ya kusukuma mbele yanapungua, utumbo unabaki unabanabana papo hapo kama mtu anayekanda unga, majimaji yanayomwagwa ndani yanapungua, yaliyopo yanafyonzwa mpaka choo kinakauka, na msuli wa mlangoni unakaza. Loperamidi inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba kwa dozi ya kawaida haiingii kwenye ubongo, ndio maana inauzwa kama dawa ya kuharisha. Kwa hiyo kaka alikuwa anataka kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa kwa jina la tiba.

Na sifa mbaya zaidi ya hili tatizo ni kwamba mwili haulizoei. Kusinzia, kichefuchefu, hivyo baada ya siku kadhaa mwili unazoea. Choo hapana. Mtu akitumia kodeini miezi sita, mwezi wa sita utumbo wake bado umelala vilevile. Kwa hiyo ile "subiri kidogo litajirekebisha" haifanyi kazi hapa. Ondansetroni nayo inafunga choo, weka na kulala kitandani siku nne, kutokula, maji kidogo, unaona mzee alikuwa anapigwa kutoka pande zote.

Wewe mwenyewe dada. Unga wa nyuzinyuzi unafanya choo kiwe kikubwa halafu unategemea utumbo uamke usukume huo mzigo. Utumbo ulioshikwa na kodeini hauamki. Unachopata ni mzigo mkubwa zaidi nyuma ya kizibo, na kama hanywi maji ya kutosha unakuwa kama saruji. Matunda na mboga za kwenye sahani ni sawa kabisa ale, ule unga uache mpaka kodeini iishe.

Kinachotumika kwa kawaida ni aina mbili zikisaidiana, moja ya kuvuta maji iingie kwenye choo, makrogoli au laktulozi, na moja ya kuuchokoza utumbo usukume, sena au bisakodili. Sena na bisakodili za kunywa huchukua kama saa sita mpaka kumi na mbili, ndio maana tunasema mnywe usiku ili asubuhi iwe asubuhi. Laktulozi inaweza kuchukua siku moja hadi tatu na huwa inajaza gesi, kwa hiyo msikate tamaa siku ya kwanza wala msiongeze dozi kwa hasira. Lakini hizi msianze kabla hajapimwa kama kuna kizibo au kama utumbo umefunga, hapo nakubaliana na nesi.

Kuna mtu atakuja kukutajia sindano ya methilnaltreksoni au vidonge vya naloksegoli, vinavyoiondoa kodeini kwenye vipokezi vya utumbo bila kugusa vya ubongo. Ni kweli zipo na zinafanya kazi pale za kawaida zikishindwa. Lakini kutogusa ubongo kunategemea ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo uwe mzima, na kwa mtu mwenye uvimbe au aliyetoka kupasuliwa ukuta huo unaweza kuwa na matundu, kwa hiyo hiyo ni ya daktari wa upasuaji na mfamasia wa hospitali kukaa chini. Tena hazitumiki kabisa kama utumbo umeziba.

mume_mwenye_wasiwasi

Samahani naingilia uzi wa dada, mfamasia nakuomba. Mke wangu alifanyiwa kichwa wiki tatu zilizopita, yuko kwenye karbamazepini kwa ajili ya degedege, kodeini ilimfunga choo hivyohivyo, jirani katupa tramadoli anasema haifungi sana. Tumpe?

mfamasia_mtaani

Hapana mkuu. Tramadoli inashusha kizingiti cha degedege, yaani degedege inakuja kwa urahisi zaidi, na mke wako ameshapasuliwa ubongo na tayari anatibiwa degedege. Karbamazepini nayo inaifanya ini iivunje tramadoli haraka, kwa hiyo nafuu ya maumivu inakuwa ndogo na hatari ya degedege inabaki. Na kama anakunywa dawa za sonona ndio kabisa, zinaweza kugongana mtu akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Ni kweli inafunga choo kidogo kuliko mofini ila hiyo haitoshi kuwa sababu.

Na vidonge vya jirani virudi kwa jirani. Hizi dawa zinapunguza upumuaji, ukipumua kidogo hewa ya ukaa inapanda kwenye damu, mishipa ya kichwani inatanuka, presha ya ndani ya fuvu inapanda. Hata kodeini ileile dozi ileile haifanani kwa watu wawili, kwa sababu ini ndio linaigeuza kuwa mofini kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Kuna watu kimeng'enya chao hakifanyi kazi, wanameza na hawapati nafuu ya maana, na kuna wengine kinafanya haraka kupita kiasi, vidonge viwili vinawalaza kama waliochomwa sindano. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali la kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili kwa sababu hiyohiyo, kuna waliofariki.

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Naongezea hapo kwa mfamasia. Hizi dawa pia zinabana mboni za macho na zinasinziisha. Sisi mgonjwa wa kichwa tunamuangalia kwa macho na usingizi wake, ukimpa kidonge cha ziada bila kusema unatufungia taa. Mkiwa mnakwenda hospitali beba maboksi yote, hata cha jirani.

binti_wa_mzee

Nimerudi, samahani nimechelewa ila jana ilikuwa siku ndefu.

Nilipiga simu nikasema maneno ya nesi neno kwa neno, wakasema mleteni. Daktari kijana kampima kwa kidole, baba alinitoa nje kwanza, na kweli kulikuwa na kizibo. Wakampiga picha ya tumbo kuhakikisha utumbo haujafunga, haukuwa umefunga. Wakamwekea gliserini, baadaye enema ndogo, na nesi mmoja mwanaume akakaa naye muda wote, nadhani hilo lilimsaidia baba kuliko dawa. Sitaeleza zaidi, baba akijua nimeandika hapa atanikana.

Sodiamu yake walipima iko sawa kwa hiyo hana kiwango cha maji, asante nimepita_hapo, nisingejua hata kuuliza. Parasetamoli nao waliichukulia kwa uzito, wakapima na damu ya ini, iko vizuri. Sasa kodeini imebaki moja tu usiku, mchana parasetamoli peke yake kwa saa, makrogoli asubuhi, sena usiku. Ondansetroni imesimamishwa kwa kuwa kichefuchefu kilishaisha siku nyingi, alikuwa anainywa tu kwa sababu imo kwenye mfuko. Unga wangu nimeurudisha kabatini. Kaka loperamidi kairudisha alikoitoa, hataki kuongelea.

Swali la mwisho jamani, hizi dawa za choo anywe mpaka lini? Mama ameanza kusema utumbo utazoea uvivu. Na deksamethasoni baba anataka aiache maana inamnyima usingizi.

mfamasia_mtaani

Safi sana dada. Dawa za choo ziende sambamba na kodeini mpaka kidonge cha mwisho, halafu siku chache baada ya hapo mpaka tumbo lionyeshe limerudi lenyewe, mnapunguza moja moja, mnaanza na sena. Kikiwa namba sita mnapunguza, kikirudi mbili mnaongeza kwa kumuuliza daktari. Mwambie mama kwamba wiki mbili tatu hazifanyi utumbo kuwa mvivu, huo uvivu anaouogopa unaletwa na kodeini.

Deksamethasoni asiiache ghafla hata siku moja, mwili ukiizoea unapunguza kutengeneza yake ya asili, ukiikata anaweza kuishiwa nguvu na presha kushuka, na ubongo kuanza kuvimba tena. Inafuata ratiba ya kupunguza kama ilivyoandikwa. Usingizi, muulize daktari kama zote zinaweza kunywewa asubuhi na mchana badala ya jioni.

nimepita_hapo

Chati je? Aliikubali?

binti_wa_mzee

Siku ya kwanza aliigeuza ikaangalia ukutani 😂 Leo asubuhi nimeingia kufagia nimekuta kaandika "4, saa 1:20" kwa wino mwekundu na kaizungushia duara mara mbili.